Sketi ya Shakira

Koboko,
Jumanne, mwisho wa Januari.

Dada yangu Mariam Poni,

Assalaam aleikum. Naomba karatasi hii ikukute umeketi, umekula, na goti lako halikusumbui. Mara ya mwisho ulisema kupanda Arua Hill kwenda kuulizia karatasi za kiwanja kulikulaza siku nzima. Je, umepata dawa ya kuchua? Wajukuu hawajambo? Na yule kuku mwekundu anayetaga juu ya kitanda chako, bado anatawala, au ameshaingia sufuriani? Sisi huku ni wazima. Wifi yako Night ni mzima, watoto ni wazima, na cherehani nayo ni nzima, ingawa Januari hii imepiga kelele kuliko ugomvi wote niliowahi kuupata katika ndoa yangu.

Najua utauliza kwa nini Swadiki anaandika wakati simu ipo. Dada, simu yako hupokelewa na wajukuu, na ukishaipata mkononi unaifungulia sauti mpaka jirani naye anajibu salamu. Jambo nililo nalo halifai kusikiwa na nyumba nzima kabla hujalisikia wewe. Tena wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, kule kambini, kwa kipande cha mkaa kwenye ukuta wa nyuma, na baba akatuchapa sote wawili kwa Kiswahili chake cha jeshi. Basi soma matunda ya kazi yako. Ndani yake mna ombi moja, nalo linamhusu Shakira na shule yake. Mtu yeyote wa ukoo akikupigia kabla hujafika mwisho, mwambie umelala.

Lakini nianze na habari, maana mtu akianza na ombi wewe husema amekuja kwako na bakuli.

Unaijua Januari ya fundi. Mwaka mzima watu wa Koboko hupita mbele ya kibanda changu wakinisalimia kwa adabu tu, lakini shule zikikaribia kufunguliwa kila mama anakumbuka kwamba mwanawe ana mabega. Nimeshona kaki, nimeshona kijani, nimeshona zambarau za shule moja mpya hata macho yangu yakawa yanaona zambarau nikifunga swala. Wanangu mimi nawashonea mwisho. Night hulalamika kila mwaka, anasema mganga hajigangi, na watu watadhani watoto wa fundi hawana baba. Mimi humjibu kwamba wateja wanatangulia. Ukweli sijamwambia: nawaweka mwisho kwa sababu naipenda siku hiyo, na sitaki kuifanya kwa haraka. Mlango naufunga nusu, redio nainyamazisha, wanangu wanasimama mbele yangu mmoja mmoja, nami nawageuza huku na huku. Mwaka mzima sipati nafasi nyingine ya kuwatazama hivyo bila wao kuniuliza natazama nini.

Mwaka huu nilianza na Taban. Huyo anaingia kidato cha tatu, na amerefuka hata kumpima bega nimepanda kigoda. Unajua sisi mafundi wa huku tunavyofanya: suruali ya shule tunaiacha na upindo mnene chini, mikunjo juu ya mikunjo, ili mtoto akikua mtu anafumua tu. Mzazi asipouona upindo anakwenda kwa fundi mwingine. Basi nimefumua upindo wote wa Taban na bado vifundo vya miguu viko nje vinapunga upepo. Pale mikunjo ilipokuwa kaki imebaki na rangi yake ya dukani, mstari wa mwaka juzi na mstari wa mwaka jana, nikaisoma miaka yake pale mguuni nikacheka peke yangu. Nikamkatia mpya. Yeye akataka ya kubana. Nikamwambia shule inakataza, na mimi nakataza zaidi ya shule. Nilipokwenda msikitini akaketi kwenye cherehani yangu akaibana mwenyewe, akaivaa, na haikutoka tena. Nilirudi nikamkuta amelala chali sakafuni, mdogo wake amemshika mguu anavuta kama mtu anayeng'oa muhogo. Nililazimika kuukata mshono yeye akiwa ndani. Sikumpiga. Mshono wenyewe ulikuwa umenyooka vizuri, nikaona fahari nikaificha.

Yugu yuko darasa la tano, shule ya kwenda na kurudi, lakini hataki kusikia hivyo. Ameona kaka yake na dada yake wana masanduku ya bati, naye anataka lake. Amechukua boksi la sabuni, ameandika jina lake kwa chaki yangu ya kukatia nguo, ametia ndani kikombe, fagio lisilo na mpini, na ndizi ambayo sasa imekuwa nyeusi na hataki mtu aiguse. Amehamia sebuleni, anasema ndiyo bweni. Asubuhi anasimama mlangoni pa jikoni kwenye foleni ya uji, na foleni yenyewe ni yeye peke yake. Night anamgongea sahani aondoke ampishe mwingine anayefuata. Tumecheka katika nyumba hii, dada, tumecheka kweli.

Kisha Shakira. Huyu ndiye aliyenifanya niipende Januari. Anaingia kidato cha sita, Sinia Siksi kama tunavyosema huku, na katika nyumba ya marehemu baba yetu hakuna binti aliyewahi kufika hapo. Ana miaka kumi na tisa. Mwanamke mzima, lakini nikimwona ameketi sakafuni akifunika madaftari kwa kurasa za kalenda ya zamani, bado naona yule aliyekuwa akilala ndani ya kapu la vipande vya nguo chini ya cherehani. Yeye ndiye aliyewapangia wadogo zake vitu: ndoo, karatasi za choo, kalamu, karanga za kusaga kwenye chupa. Sanduku lake alilifuta kutu kwa mchanga akalipaka rangi upya. Jumamosi moja mama yake alimfumua nywele za likizo akamnyoa, maana shuleni hawataki nywele. Nilipita uani nikamwona kichwa wazi, shingo ndefu, ameinama akizitazama zile nywele chini. Dada, nilikuona wewe. Nilisimama pale hadi Night akaniuliza kama nimesahau njia ya kwenda kazini.

Kwenye kupima, zamani nilimpima kama wenzake. Tangu alipopevuka nilimwachia mama yake, kwa heshima. Mwaka huu Night alikuwa sokoni, na Shakira akasema asisumbuliwe mtu, amejipima mwenyewe chumbani, akanitajia vipimo kutoka nyuma ya pazia. Vilikuwa vilevile vya mwaka jana. Nilimwamini. Nikakata sketi, nikaitia marinda, nikaweka zipu nzuri ya chuma niliyokuwa nimemfichia. Alipoijaribu haikufunga.

Hapa ndipo utakaponicheka, na una haki. Mimi ni fundi wa miaka mingi. Sketi isipofunga kuna mambo mawili: ama mkasi umekosea, ama mwili umebadilika. Mimi nililaumu mkasi. Nikafumua, nikashona tena, nikamwambia ajaribu. Haikufunga. Nikalaumu kitambaa. Nikasema huyu Jacques, yule Mkongo anayetuletea vitambaa kupitia mpaka wa Vurra, ametuuzia bidhaa inayorudi ikiguswa na pasi. Nikamwita. Nikamsema mbele ya wateja, nikaiweka pasi ya mkaa juu ya kipande kizima ili watu wote waone kinavyosinyaa. Hakikusinyaa hata kidogo. Jacques akapandisha sauti, unajua wanavyosema wale: "Batoto ya Koboko bote banavaa hii kitambaa. Ni ku mutoto yako tu njo inafinya?" Akachukua kofia yake akaenda zake amenuna. Wateja wakatazama chini. Nadhani kila mwanamke aliyekuwa pale alikwisha kuelewa isipokuwa mimi.

Walipoondoka Shakira aliniletea chai. Hakuiweka mezani, alibaki ameishika. Akaniambia kwa sauti ndogo: "Baba, wacha kugombana na Jacques. Kitambaa haina makosa. Iko mutu."

Nami kwa ujinga wangu niligeuka nikatazama mlangoni, nikidhani mteja amerudi.

Sasa umejua, dada. Daktari wa zahanati amesema mtoto atazaliwa karibu na likizo ya Agosti, Mungu akijalia. Kijana ni Moris, yule wa duka la vipuri vya pikipiki, aliyekuwa akisoma naye hadi alipoacha shule ili amsaidie baba yake. Hakukana. Alikuja mwenyewe akasimama mbele yangu, na mimi nilikuwa na mkasi mkubwa mkononi, nikauweka chini kwa kuogopa mkono wangu mwenyewe. Nilikasirika, siwezi kusema uongo. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Shakira, na usiku nikamkasirikia Night kwamba mama gani haoni, naye akanijibu kwamba fundi gani haoni. Siku mbili sikugusa cherehani. Nililia pia, kibandani, kichwa kikiwa juu ya meza ya kukatia. Nilikuwa nimeifurahia sana Januari hii, nikaona kama furaha yangu yote ilikuwa upumbavu wa mtu asiyejua yaliyomo nyumbani mwake.

Baada ya hapo ukoo ukasikia, maana Koboko haina ukuta. Baba yetu mdogo, mzee Soka, alikuja na watu wake. Nilidhani atafoka. Hakufoka. Alikuwa na furaha, dada. Alisema kijana anajulikana, wazazi wake ni watu wa heshima, mtoto wetu amepata mlango wake mapema na hakuna aibu yoyote iliyoingia. Watu wa Moris nao walikuja wakasema maneno mazuri, wakasema wako tayari kumpokea kwa mikono miwili. Siwezi kuwalaumu. Wamefanya kama inavyofanywa. Na kama unavyojua kuliko mimi, inavyofanywa ni kwamba binti hapelekwi na baba yake wala mama yake. Shangazi ndiye anayemshika mkono hadi nyumbani kwa mwanamume, na shangazi akisema bado, hakuna mwingine wa kumpeleka. Wamepanga Jumamosi hii. Mzee Soka atakupigia simu uje.

Usiku wa siku ya kwanza aliyokuja mzee Soka, kabla Jumamosi haijatajwa, nilimwita Shakira nikamwuliza anataka nini. Nilimwambia aseme bila kuogopa, kama moyo wake uko kwa Moris nitamwacha aende kwa amani, nami sitanuna. Hakusema lolote juu ya Moris, wala juu ya wazee. Aliniuliza kama ile sketi inaweza kupanuliwa.

Dada, nilijibu ndiyo kabla hajamaliza. Nilifungua marinda yote, nikaongeza kipande ubavuni, nikatoa ile zipu nzuri nikaweka kamba ya kufunga na kufungua kadiri anavyotaka. Nimemshonea na ya pili, pana zaidi, ya muhula ujao. Sijawahi kushona kitu kwa uangalifu kama hizo sketi mbili.

Kisha nilikuja huko Arua, nikafika hadi shuleni kwake, na sikupita kwako. Nisamehe kwa hilo, niliogopa utanisoma usoni. Mwalimu mkuu, mama mmoja mkali mwenye miwani, alinisikiliza. Alisema bwenini haiwezekani, lakini darasani hamfukuzi mtu, na mtihani wa mwisho wa mwaka atamsajili kama wenzake, mradi tu apate pa kulala mjini. Mtoto akizaliwa, Night amesema atakuja kumchukua amlee huku, Shakira arudi darasani amalize. Night ndiye aliyesema, sikumwomba. Pa kulala mjini tuna mahali pamoja tu, dada, napo ni kwako.

Lakini bado sijakuambia lile linaloniumiza. Niliporudi, wazee waliketi hapa na watu wa Moris, wakasema Jumamosi, wote wakanigeukia mimi, baba wa binti. Nilikuwa na neno langu tayari. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njiani nikitoka Arua. Nilipofungua mdomo, nikamwona mzee Soka na zile nywele zake nyeupe, nikaona watu wa Moris wamevaa nguo zao nzuri, nikasema: "Shangazi ndiye mwenye neno." Wakaitikia, wakanisifu kwamba naheshimu mila. Dada, haikuwa heshima. Nilikuwa nimeogopa. Nilichukua mzigo wangu nikakutwika kichwani, wewe ambaye hukuwepo, na nikala chakula pamoja nao nikiwa natabasamu. Shakira alikuwa nyuma ya mlango. Alinisikia.

Na wewe kati ya watu wote! Nakumbuka siku shangazi Hadijah, Mungu amrehemu, alipokuja kukushika mkono wewe. Ulikuwa kidato cha pili. Nilikuwa mtoto, ninachokumbuka vizuri ni nyama, nilikula hadi nikaumwa tumbo. Umeishi vyema na marehemu shemeji, umezaa, umejenga, na sijawahi kukusikia ukilalamika hata siku moja. Kwa hiyo sisemi ulidhulumiwa, hilo ni lako kusema. Najua tu kwamba hakuna aliyekuuliza. Hata mimi, hadi leo nikiwa na mvi, sijawahi kukuuliza, na naona haya kuuliza kwa mara ya kwanza nikiwa na shida yangu.

Basi ombi langu ndilo hili. Mpokee Shakira, na mzee Soka akikupigia, usije. Usimtafutie sababu, usinisingizie lolote, sema tu hapana, maana hapana yako ina nguvu ambayo yangu haina. Mengine nayabeba mimi. Jumamosi wakifika watanikuta mimi na Night peke yetu, na safari hii nitawaambia kwa kinywa changu kwamba binti yuko shuleni, na kwamba mimi baba yake ndiye niliyempeleka. Moris nimeshamwambia. Alilia kidogo, akasema atasubiri, na kwamba mtoto atamlea kwa jasho lake. Huenda ni maneno ya kijana tu. Tutaona.

Shakira atatoka hapa kuja kwako Alhamisi asubuhi pamoja na Taban, ambaye atambebea sanduku kisha aendelee shuleni kwake. Naona aibu kukupa siku chache hivi za kufikiri. Kama moyo wako unakataa, kama mila ni nzito kwako au nyumba imejaa, niambie kabla ya Alhamisi, sitakuchukia. Nitatafuta chumba, nitafunga kibanda nije nikae naye mwenyewe nishone barazani kwa watu. Lakini nakujua. Ndiyo maana nimekuandikia wewe kwanza.

Anayekuletea barua hii ni Jacques. Nilimwomba radhi mbele ya watu walewale niliomtukana mbele yao, akanisamehe, akanipa hata kipande cha kitambaa laini cha mtoto, akakataa kuulizwa chochote. Mpe maji ya kunywa, anapenda kuongea, lakini habari ya Shakira kuja kwako haijui.

Wasalimie wajukuu wote, na majirani wanaojibu salamu zangu kwenye simu. Night anakusalimu sana, anasema wifi yake asibebe ndoo kwa goti hilo. Taban anakusalimu, amevaa suruali pana kwa huzuni. Yugu anakusalimu kutoka bwenini sebuleni, na anauliza kama siku ya wazazi kutembelea utamletea samaki. Shakira nilimwuliza kama ana salamu za kutuma kwa shangazi yake. Amesema hana za kutuma, kwa sababu hajui utamwambia nini akigonga. Ameomba nisikuandikie chochote cha kukulainisha, atakusalimu mwenyewe mlangoni.

Ni mimi mdogo wako,
Swadiki.